Gari Jeupe la Gaudensi na Wazee Watatu wa Ziwani

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, ni mimi niliyelishusha lile gari jeupe la Gaudensi. Msinizunguke kwa kuninunulia soda halafu mkaanza na habari za mvua. Najua mnachotaka. Mbinga ni mji mdogo, na kisa cha gari lile kimesimuliwa vijiweni kwa namna saba, na katika namna zote saba mimi ni mnene kuliko nilivyo. Kaeni basi niwape ya nane, ambayo ndiyo yenyewe.

Naitwa Tekla. Kwa miaka thelathini na ushee nimefungua na kufunga magurudumu nyuma ya stendi. Nimefunga ya malori ya kahawa, ya basi za Songea, ya gari la parokia, na ya malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, ambayo tairi lao likikuangukia hata salamu za mwisho huzitoi. Aliyeniambia niache kazi si umri, ni magoti.

Siku hizi mnaona wasichana wamevaa ovaroli mnaona kawaida. Zamani mteja mgeni akifika kwangu alikuwa anaangaza huku na huku. "Shikamoo mama. Fundi yupo?" Namjibu, "Marahaba. Yupo, ametoka kidogo, kaa." Naingia nyuma, navaa ovaroli, nafunga kitambaa kichwani, natoka na spana mkononi: "Karibu, mimi ndiye fundi. Yule mama amekuambia nini?" Wengi walicheka, tukawa marafiki. Lakini mfanyabiashara mmoja wa mahindi alinijibu kwa heshima zote, "Hakuniambia kitu, ni mama mkarimu tu." Alikuja kwangu miaka minne, na kila akiondoka alikuwa ananiambia nimsalimie dada yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hyera, Mungu amrehemu, katika karakana ya misheni. Alikuwa na tabia moja ya kuudhi sana: hashiki spana kabla hajauliza maswali. Umemletea baiskeli azibe pancha, atakuuliza unakwenda nayo wapi, umepakia nini, barabara ya huko ikoje, na ukirudi utapakia nini. Watu walikuwa wanachoka, wanasema huyu fundi au karani wa sensa? Siku moja nilimwambia, "Mzee, si tuzibe tu pancha mtu aende?" Akaniangalia kama mtu anayeangalia nati iliyokufa meno. "Tekla," akasema, "ugonjwa wa gari hauko kwenye gari. Uko kwenye safari." Nilimcheka kwa siri, tena nilimcheka miaka mingi, mpaka alipokuja Gaudensi.

Gaudensi ni kijana wetu wa huku juu, mtoto wa mkulima wa kahawa, dereva wa lori la makaa. Siku sita za wiki anakaa juu kama askofu kwenye kiti chake. Akanunua gari lake mwenyewe, saluni nyeupe, akaniletea likiwa limebeba springi fupi nne na rimu nne za spoti, pana kama sufuria za kupikia wali wa kipaimara.

"Mama Tekla, nimechoka kukaa juu," akasema. "Nataka langu linilaze chini."

Akatoa simu akanionyesha video za magari ya mjini, yamelala barabarani kama mijusi kwenye jua, matairi yamejaa mpaka kwenye ukingo. Akaniuliza, "Ulishawahi kushusha?"

"Mengi tu," nikamjibu.

Wanangu, mengi hayo yalikuwa magunia. Gari sikuwahi kushusha hata moja. Lakini kulikuwa na mafundi wengine wawili wamesimama pale wananisikiliza, na mimi nimekaa mjini miaka yote hiyo nikijulikana kuwa hakuna gurudumu linalonishinda. Ulimi ukatangulia, akili ikabaki inatafuta viatu.

Springi ziliingia vizuri. Gari likashuka, likapendeza, sikatai. Kesi ikaja kwenye rimu. Rimu pana ina maadui wawili. Kwa ndani inakwenda kuligusa shokapu, ile nguzo inayotuliza mdundo, kwa nje inakwenda kugusa madigadi, pale kwenye mdomo wa bati unaofunika tairi. Nyuma ya kila rimu kuna namba ndogo imechongwa, inayokuambia uso wa rimu umesogea ndani au nje kiasi gani. Someni namba hiyo kabla hamjalegeza hata nati moja. Mimi sikuisoma. Niliifunga rimu ya nyuma, ikagusa shokapu. Nikasema si kitu, nikaweka spesa, yale mabamba ya duara yanayokaa nyuma ya rimu kuisukuma nje. Ikaacha shokapu. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, likazunguka. Nikapitisha kidole kati ya tairi na madigadi, kidole kikapita. Nikafurahi.

Kidole kimoja! Na gari limesimama kwenye sakafu ya saruji, ndani hamna hata kuku. Gari likipakia linabonyea, na gari lililoshushwa halina pa kubonyea pengi. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu. Ila siku ile nilikuwa na haraka ya kuonekana najua, na mtu mwenye haraka hiyo hapimi.

Sikumuuliza Gaudensi gari linakwenda wapi. Naye alizunguka stendi mara tatu akipiga honi, wauza machungwa wakampigia makofi, akaondoka.

Simu ililia Jumamosi saa nne asubuhi, namenya viazi.

"Shikamoo Mama Tekla."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Gari linanguruma. Kila kona ya kulia, nyuma kushoto. Na kuna harufu ya mpira."

"Uko na nani?"

"Niko na bibi yake Eunike. Na shangazi zake wawili."

Kisu kikanidondoka. Eunike ndiye binti anayemposa Gaudensi, ni mwalimu, kwao ni ufukweni karibu na Mbamba Bay, Waanglikana wa siku nyingi. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa, jibu bado. Wazee wa kule walisema hawatajibu mpaka wapaone anapokwenda mtoto wao, maana watu wa ziwani samaki tu hawamnunui bila kumfunua mashavu, sembuse mkwe. Kumbe Gaudensi alikuwa ameshuka alfajiri kuwachukua, na sasa yuko kwenye kona za mlimani anapanda nao, katika gari nililolipima kwa kidole.

"Bibi amekaa wapi?" nikauliza.

"Nyuma kushoto."

"Ni mtu wa... umbo gani?"

"Mama," akanong'ona, "ni bibi aliyeshiba."

Nikamwambia asimame pembeni, aangalie tairi. Nikasikia mlango, nikasikia hatua, halafu nikasikia pumzi. Mdomo wa madigadi ulikuwa umelichonga tairi begani, mstari mzima kuzunguka, kama mtu anavyomenya chungwa. Hapo mzaha ukanitoka. Barabara ile sasa ni ya lami, nzuri, lakini upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni hewa. Tairi likipasuka kwenye kona na wazee watatu ndani, posa inageuka matanga.

"Usisogee hata hatua moja," nikamwambia. "Washushe wazee. Nakuja na magurudumu yako ya zamani."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Nimwambie bibi mkwe kwamba gari limeshindwa kumbeba?"

Nikafikiri. Kweli, maneno hayo yana heshima gani? Ukoo mzima unakwisha kwa sentensi moja. "Basi," nikasema, "waambie washuke watazame ziwa."

Nikachukua bodaboda pale stendi. Gurudumu moja tukalifunga nyuma yangu kwa mpira, jingine nikalikumbatia katikati, jeki ikaning'inia begani ndani ya mfuko wa mbolea. Kijana wa bodaboda akageuka akaniuliza, "Mama, hapa abiria ni nani?"

"Matairi," nikamwambia. "Mimi ni mzigo. Twende."

Nimetoka na sweta, tukashuka, tukashuka, joto likaanza kupanda kutoka chini, sweta likawa adhabu. Njia nzima nasali rozari bila rozari, nahesabu kwa nati. Nati za zamani nilikuwa nazo mfukoni, maana nati za rimu ya spoti hazikai sawasawa kwenye rimu ya chuma. Hilo nalo lisahauni muone gurudumu likiwapita barabarani, mkaliamkia mkidhani ni la mtu mwingine.

Niliwakuta kwenye kona moja pana. Gari jeupe limelala pembeni. Mashangazi wawili wamekaa kwenye jiwe wamejifunika khanga kichwani. Bibi Agnesi, ndiye huyo aliyeshiba, amesimama na fimbo yake ameelekea ziwani. Gaudensi amesimama kando yake, jasho linamtiririka, ananyoosha mkono: "Na pale, Bibi, ukiangalia vizuri, maji yana rangi nyingine."

Nikaamkia. Bibi akaitikia bila kugeuka.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nimezaliwa kwenye ziwa hili. Nimebatizwa pembeni yake, nimeanika dagaa wake miaka sabini. Huyu kijana ananionyesha ziwa tangu saa nne. Sasa ni saa sita. Ameshanionyesha mara tatu." Ndipo akageuka, akaona ovaroli, jeki, na gurudumu nililolikumbatia. "Wewe ni nani?"

"Ni fundi wake, Bibi."

"Na hilo gurudumu nalo limekuja kutazama ziwa?"

Shangazi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Gaudensi akaniangalia kwa macho ya kuniomba. Ningeweza kusema uongo mwingine, na nilikuwa nao tayari: ningesema tairi lina pancha, basi, yakaisha. Lakini nilimwona yule kijana amesimama juani amebeba kosa langu kichwani, akimwonyesha bibi maji, nikaona aibu iliyo kubwa kuliko ile niliyokuwa naiogopa siku ile kwenye gereji.

Bibi akanisogelea. "Semeni tu. Ni mimi?"

"Si wewe, Bibi," nikasema. "Gari linaloshindwa kumbeba bibi mmoja si gari, ni sinia. Kosa ni langu. Aliniuliza kama kazi hii naijua, nikasema naijua, na sikuwa naijua. Nililipima likiwa tupu. Kijana hana hatia, yeye aliniamini."

Kijana wa bodaboda akazima injini ili asikie vizuri.

"Unajua kulitengeneza?" Bibi akauliza.

"Hapa najua kulifikisha. Kulitengeneza, mpaka Mbinga."

"Haya. Fanya kazi, tuone."

Tukaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikapiga jeki. Gari la namna ile hata jeki haiingii vizuri chini yake, ilibidi Gaudensi na kijana wa bodaboda walinyanyue ubavu kidogo. Nikatoa rimu pana za nyuma, nikatoa spesa, nikafunga magurudumu ya zamani, nati kwa mkato wa nyota: hii, halafu inayotazamana nayo, halafu ya pembeni, wala si kwa kuzunguka kama mchezo wa watoto. Magurudumu ya mbele nikayakagua, ni mazima. Nilipomaliza, gari lilikuwa kama mtu aliyevaa kiatu cha harusi mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Gaudensi aliangalia pembeni.

"Sasa," akasema Bibi, "tutajuaje kwamba halitanguruma? Si umesema ulipima likiwa tupu?"

Swali la Mzee Hyera kabisa, limetoka kwenye kinywa cha bibi wa Kinyasa. Nikamkumbuka mzee yule alivyokuwa akipima. Alikuwa anakuja kazini na tonge la ugali wa jana kwenye karatasi, nasi tukidhani ni chakula cha mchana. Analibandika ndani ya madigadi, juu ya tairi, anapakia watu, anaendesha gari kwa kuzungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Akirudi anachungulia. Ugali ukiwa umesawazishwa, tairi limefika. Ukiwa na alama za vidole vyako, haujaguswa.

"Bibi," nikasema, "una ugali?"

Mashangazi wakaniangalia wakidhani jua limenipata. Lakini safari ya wazee haikosi chakula. Kikapu kikafunguliwa, mkatoka samaki mbasa wa kukaanga na ugali wa muhogo uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Niwaambie kitu, ugali wa mahindi haufui dafu kwa kazi ile. Wa muhogo unanata kama gundi na haumeguki. Nikabandika matonge ndani ya madigadi, juu ya magurudumu yote manne, la nyuma kushoto nikalibandika kwa upendo. Wazee wakapanda, kila mmoja alipokuwa amekaa. Gaudensi akaendesha polepole, akakata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akashuka kidogo, akapanda akarudi.

Bibi hakusubiri nimwambie. Alishuka, akaninyang'anya tochi niliyokuwa nimeitoa mfukoni, akainama mwenyewe akachungulia chini ya madigadi.

"Vidole vyako hivi?"

"Vyangu, Bibi."

"Vyote vitano vipo." Akanyooka. "Twendeni. Na huo ugali mliopaka gari, mtanilipa kwa kuku."

Wakatangulia. Mimi nikafuata na bodaboda, safari hii na rimu pana, ambazo kuzikumbatia ni sawa na kumkumbatia hakimu. Kila kona ya kulia nilikuwa nanyoosha shingo kunusa.

Tukafika. Nyumbani kwa kina Gaudensi ni nje ya mji, unaiacha lami unaingia njia ya udongo kati ya mikahawa. Gari likaingia hatua kumi, tumbo likakwaruza, likakaa. Gaudensi akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akasema kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Bibi, karibu nikuonyeshe kahawa."

Mashangazi walicheka mpaka mmoja akashika mti. Bibi naye safari hii alishindwa kujizuia. Wakatembea hadi nyumbani kwa miguu, taratibu, Gaudensi amembebea Bibi kikapu, na ukweli ni kwamba kahawa ilikuwa imechanua, mlima mzima mweupe na harufu yake nzuri, hata mimi niliyezaliwa huku nilisimama.

Walipokewa, wakala, wakaonyeshwa nyumba, zizi, chanzo cha maji. Mimi nilisema niondoke, mama yake Gaudensi akakataa, akanikalisha na sahani ya wali. Ndipo baba yake akauliza kwa ile lugha ya kuzunguka ambayo wazee wanaijua, kwamba wageni wamepaonaje.

Bibi Agnesi akasimama kwa fimbo yake. Nikainamia sahani yangu.

"Sisi tumekuja kumwangalia mkwe," akasema. "Barabarani gari lake lilishindwa. Angeweza kuendelea kwa kiburi, tukafa. Angeweza kuniambia, bibi, shuka, wewe ni mzito. Hakufanya hivyo. Alisimama juani akanionyesha ziwa langu mwenyewe mara tatu, ili nisione aibu. Na aliyemfundisha ujanja huo namwona pale anakula wali, hainui uso." Watu wakageuka. Kweli, sikuinua. "Lakini huyo naye alifika, akasema kosa ni langu, mbele ya watu, bila kuulizwa na polisi. Kijana ambaye hata fundi wake anasema kweli, tunaweza kumkabidhi mtoto wetu. Jibu letu ni ndiyo."

Vigelegele vikapigwa. Mama yake Gaudensi akalia. Gaudensi alikuwa ameshaanza kunyanyuka kwenda kumshika Bibi miguu, Bibi akamwonyesha fimbo akae kwanza.

"Sijamaliza. Posa tumeikubali. Gari tumelikataa. Mjukuu wangu halipandi lile likiwa vile, na siku ya harusi mimi hamniweki humo."

Akakaa, akaomba maji.

Jumatatu asubuhi niliwahi kufungua gereji, lakini nilikuta nimetanguliwa. Gari jeupe lilikuwa mlangoni, na Gaudensi amekaa juu ya boneti, amezishika zile springi ndefu za zamani mapajani kwa mikono miwili, kama baba aliyempeleka mtoto kliniki na hajui foleni inaanzia wapi.